HARRY THUKU: MFUNGWA ALIYELETWA UPANDE WETU

 

Tumezoea kusoma katika kurasa kama hizi maisha ya masahaba na maulamaa. Leo naomba ruhusa niandike juu ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu. Usikunje uso, sababu zake nitazieleza, na ukifika mwisho utaamua mwenyewe kama nimekupotezea muda wako wa kungojea futari.

Nilipofika Nairobi mara ya kwanza kuanza masomo ya chuo, nilikuwa nikipita kwenye barabara moja kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kibao chake kimeandikwa Harry Thuku Road. Mimi mtoto wa Diff nikadhani huyo Harry ni mzungu fulani tu, kama wale wazungu wengine walioachiwa majina ya barabara. Nikapita hapo miezi mingi bila kujali. Halafu siku moja niko maktaba natafuta kitabu cha kazi ya darasani, nikakutana na jina lake, na mstari uliofuata una jina lingine ambalo sikulitegemea kabisa: Kisimayu.

Kumbe huyu Harry alikuwa Mkikuyu, na alifungwa Kisimayu! Sasa wewe unajua kwetu Kisimayu si jina la kwenye ramani tu. Ni mahali watu wana shangazi na binamu, mahali mifugo na bidhaa zimepita tangu zamani za mababu. Likizo ilipofika nikamuuliza babu yangu. Jina la Thuku hakulijua. Lakini aliniambia kwamba zamani, serikali ikitaka kumpoteza mtu wa huko chini, ilimleta kwetu. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

MTU ALIYEPANDA MLIMA

Kabla ya kuingia katika maisha ya Thuku, nikukumbushe kisa ambacho wengi wetu tulisomeshwa madrasa katika sira ya Mtume (s.a.w.).

Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen, wa kabila la Zubaid, alileta bidhaa zake Makka. Mkubwa mmoja wa Kikureshi, Al-As bin Wail, akazichukua na kukataa kulipa. Yule mgeni alizunguka kwa koo za Makureshi akiomba msaada, wakamfukuza. Hakuwa na ukoo pale wala hakuwa na askari. Basi akapanda mlima wa Abu Qubays asubuhi, wakati Makureshi wamekaa vikao vyao karibu na Kaaba, akapaza sauti akatangaza dhulma aliyofanyiwa. Leo tungesema ameandamana peke yake.

Watu wa Makka wakati huo walikuwa katika ujahili. Walikuwa wanaabudu masanamu. Lakini hawakumpiga mshale yule mtu akiwa juu ya mlima. Baadhi yao waliona haya, wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa ndani ya Makka mpaka apate haki yake. Wakaenda kwa Al-As wakamrudishia mgeni mali yake. Mtume wetu alikuwa kijana wakati huo na alihudhuria kiapo hicho, kinachoitwa Hilf al-Fudul. Baadaye, akiwa tayari ni Mtume, alieleza kwamba asingekibadilisha hata kwa ngamia wekundu, na kwamba angeitwa tena katika Uislamu kwa jambo kama lile angeitikia. Sisi wafugaji tunajua vizuri ngamia mwekundu maana yake nini!

Kwa hiyo kujifunza haki kutoka kwa asiyekuwa wa dini yetu ni jambo ambalo mlango wake ulishafunguliwa. Sasa shika mambo mawili ya kisa hicho mkononi: mali iliyochukuliwa, na sauti iliyopazwa kuidai. Tutayahitaji mbele.

KIJANA WA KAMBUI

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu. Alisoma kwa wamishonari wa Gospel Missionary Society miaka michache, akajua kusoma na kuandika, jambo ambalo Waafrika wachache sana walikuwa nalo siku hizo. Mwaka 1911 akaenda Nairobi kutafuta kazi, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi.

Hakuanza vizuri. Alipatikana na kosa la kughushi hundi akafungwa miaka miwili. Nalitaja hili kwa makusudi, maana vijana wengi wakiteleza mara moja wanaona maisha yao yameharibika, na jamaa nao wanawafungia mlango. Thuku alitoka jela akaanza upya. Akapata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la masetla, na huko akawa anasoma yale ambayo wazungu wanaandikiana wao kwa wao kuhusu ardhi ya Waafrika na nguvu kazi yao. Halafu akapata kazi serikalini, opereta wa simu katika Hazina, Nairobi. Kwa Mwafrika wa wakati huo hiyo ilikuwa kazi kubwa, ya kuvaa suti na kupokea mshahara mwisho wa mwezi. Angeweza kunyamaza akala mshahara wake.

ARDHI, KODI NA KIPANDE

Ili umwelewe Thuku lazima uelewe hali ya nchi ilivyokuwa.

Kwanza ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902, na ile ya 1915 iliyoifuata, ziliiweka ardhi mikononi mwa Mfalme wa Uingereza. Setla aliweza kupewa shamba kwa mkataba wa miaka 999. Mwafrika aliyezaliwa juu ya ardhi hiyohiyo hakupewa hata cheti. Mwaka 1920 nchi ikatangazwa kuwa koloni, na mwaka 1921 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Mkuu Barth, ikaamua katika kesi moja ya Wakikuyu kwamba wao ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaoweza kuondolewa akitaka. Hebu fikiria, unalala ukiwa mwenye shamba, unaamka ukiwa mpangaji, na hakuna aliyekuja hata kukubishia hodi.

Pili kodi. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa mpaka shilingi 16 kwa mwaka. Na wakati huohuo, mwaka 1921, kwa sababu bei za mazao yao zilianguka, masetla waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Yaani mtu anaongezewa mzigo na kupunguziwa nguvu ya kuubeba.

Tatu kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kama ng'ombe aliyefungwa njuga. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, ukiondoka wewe ni mtoro, unakamatwa.

Nne kazi ya kulazimishwa. Machifu walitumwa kukusanya watu kwenda mashamba ya masetla, hata wanawake na wasichana. Wazazi walilia kuhusu yaliyowapata mabinti zao huko, mbali na nyumbani. Thuku alilisema jambo hili hadharani, na ndiyo maana akina mama walimpenda kuliko viongozi wote wa wakati wake.

KUKATAA BILA SILAHA

Mwezi wa Juni 1921 Thuku na wenzake walianzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Haukupita muda wakakibadilisha jina kikawa East African Association, maana waliona dhulma haichagui kabila. Ndani yake walikuwemo Waafrika wa makabila mbalimbali wanaoishi Nairobi, na Waislamu pia, kama Abdullah Tairara. Kijiji cha Pangani cha Nairobi, ambacho kilikuwa cha Waswahili na Waislamu wengi, kilikuwa mojawapo ya mitaa ya siasa hizo. Wahindi wanaharakati kama M. A. Desai nao waliwasaidia kuchapisha na kutuma barua.

Tarehe 10 Julai 1921 waliitisha mkutano mkubwa Nairobi, wakapitisha maazimio, wakayatuma kwa telegramu moja kwa moja London. Hapo ndipo moto ulipowaka. Serikali na machifu walikasirika kwamba kijana wa simu amewaruka wote akaongea na wakubwa wao. Akaambiwa achague, kazi ama siasa. Akachagua kuacha kazi.

Baada ya hapo akazunguka kwa gari Kiambu mpaka Murang'a akihutubia. Aliwaambia watu wasikubali kufanyishwa kazi bila malipo. Aliwaambia wakusanye vipande vyao, vipakiwe kwenye lori, vipelekwe vikamwagwe nyumbani kwa gavana. Wazo hili lilikuwa geni wakati ule: kukataa kuitii sheria ya dhulma waziwazi, mchana kweupe, bila panga wala bunduki, na kuwa tayari kupata adhabu yake. Hakuwaambia watu wachome shamba la setla. Aliwaambia wakatae kuendelea kuibeba dhulma hiyo shingoni.

Kwa serikali hiyo ilikuwa hatari kubwa kuliko mikuki. Mikuki walikuwa na bunduki za kuijibu. Lakini watu maelfu wakikataa kuvaa kipande, hakuna jela ya kuwatosha.

TAREHE 16 MACHI 1922

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa, akawekwa kituo cha polisi cha Nairobi, sehemu ileile ilipo Central Police Station, karibu na chuo. Habari zikaenea usiku huohuo. Kesho yake watu wakaanza kugoma. Wapishi waliacha sufuria jikoni, madereva wakaacha magari, vibarua wakaacha majembe. Wakakusanyika mbele ya kituo, wengine wakalala hapohapo wakiomba dua kila mtu kwa dini yake.

Asubuhi ya tarehe 16 umati ulikuwa umefika elfu saba hadi elfu nane. Hawakuwa na bunduki. Hawakuja kuvunja duka la mtu. Walikuja kumdai mtu wao. Mbele yao walisimama askari Waafrika wenye bunduki, na ng'ambo ya barabara ilikuwa hoteli ya Norfolk, masetla wamekaa barazani.

Wajumbe sita waliingia kuonana na mkuu wa serikali, Sir Charles Bowring. Walipotoka waliwaambia watu warudi nyumbani. Baadhi ya wanaume wakaanza kugeuka. Hapo ndipo alipojitokeza mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru. Aliwakabili wanaume akiwaambia kama wanaogopa basi wamvulie suruali zao wampe yeye, wao wachukue nguo yake, na akaiinua nguo hiyo. Sisi Waislamu stara ni jambo zito kwetu, lakini tulielewe kwa mizani ya watu wake: kwa mila ya Wakikuyu, mama akifikia hapo amewapa wanaume laana kubwa kuliko zote, ya kuwaambia kwamba uanaume wao umekwisha. Akina mama wenzake wakapiga vigelegele. Umati ukasogea mbele kuelekea lango.

Askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Watu walipogeuka kukimbia, walioshuhudia wanasema masetla pale barazani Norfolk nao walichukua bunduki zao wakawapiga kwa nyuma.

Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine waliohesabu maiti walitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo, na kuna wanaosema ni zaidi ya mia. Majina yao karibu yote yamepotea. Jina la Nyanjiru limebaki.

Sasa rudi kwa yule mfanyabiashara wa Yemen. Alipaza sauti juu ya Abu Qubays kuhusu mali yake, na watu wa ujahili wakashuka wakamlipa. Watu hawa walipaza sauti Nairobi kuhusu ardhi yao, jasho lao na ndugu yao, na serikali iliyojiita ya ustaarabu ikawajibu kwa risasi. Mimi kila nikipita pale siku hizi nafikiri hivyo. Gari zinapita, wanafunzi wanapita na mikoba yao, na chini ya lami ile kuna damu.

KISIMAYU HADI MARSABIT

Thuku hakufikishwa mahakamani. Hakusomewa mashtaka. Alitolewa Nairobi akapelekwa Kisimayu, uhamishoni.

Hapa ndugu msomaji tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1922 Kisimayu ilikuwa bado upande wa Waingereza, makao ya jimbo la Jubaland, sehemu ya Kenya. Mpaka huu tunaoujua sisi watu wa Diff, wa kuonyesha kitambulisho na kuulizwa unatoka wapi unaenda wapi, ulikuwa haujawekwa. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na mfungwa wao ikabidi wamhamishe. Wakampeleka Lamu, halafu Witu, na mwisho Marsabit, mpaka alipoachiliwa akarudi Kiambu mwanzoni mwa mwaka 1931. Karibu miaka tisa, bila hukumu ya hakimu yeyote.

Wakati ule Nairobi iliiona kaskazini kama gereza lisilohitaji kuta. Jangwa lenyewe ndilo ukuta. Na hao waliokuwa wakiishi ndani ya gereza hilo bila kosa, yaani mababu zetu? Mwaka 1926 wilaya za kaskazini zilifungwa rasmi, mtu asiingie wala asitoke ila kwa ruhusa. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalum, ya kuwapangia watu wapite wapi na walishe wapi. Kwa hiyo kile ambacho Mkikuyu alikivaa shingoni, sisi tulizungushiwa nchi nzima.

ALIPORUDI

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi wanaoandika juu ya Thuku wanaipita haraka. Mimi sitaipita.

Alipokuwa uhamishoni, wenzake walianzisha chama kingine, Kikuyu Central Association. Aliporudi alipokelewa kama shujaa, na mwaka 1932 akawa rais wake. Lakini wakagombana. Mwaka 1935 akaanzisha chama chake kilichoahidi kufuata sheria na kuwa mwaminifu kwa serikali. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Study Union, lakini hakukaa kwa muda mrefu. Vita vya Mau Mau vilipoanza alisimama upande wa kuvipinga, na mwaka 1952 alizungumza redioni dhidi yake. Akawa mkulima mkubwa wa kahawa, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki tarehe 14 Juni 1970.

Wako wanaosema aliwasaliti watu wake. Wako wanaosema alichukia umwagaji damu kwa sababu aliiona damu ya 1922 ikimwagika kwa ajili yake, na mtu aliyebeba mzigo kama huo huwezi kumhukumu ukiwa umekaa kivulini. Mimi sikuwa ndani ya moyo wake, na ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu. Ninachokiona ni hiki: waliokufa mbele ya kituo cha polisi hawakufa kwa ajili ya kahawa ya Harry Thuku. Walidai jambo lililo kubwa kuliko yeye. Wazee wa dini walitufundisha kwamba haki haipimwi kwa watu, watu ndio wanaopimwa kwa haki. Thuku alipoisimamia haki alikuwa mkubwa. Alipokaa kando, haki haikupungua hata chembe.

Na madai yao hayakwenda bure. Baada ya mauaji yale kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka 1923 serikali ya London ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yatangulie, ingawa utekelezaji wake ulikuwa hafifu. Kipande chenyewe kilikuja kuondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

MWAKA ULEULE WA 1970

Kuna jambo moja ambalo nililigundua nikiandika makala hii, na mikono ilinitetemeka kidogo.

Mwaka ambao Thuku alikufa, 1970, Bunge la Kenya huru lilipitisha sheria inayoitwa Indemnity Act. Baada ya uhuru mkoa wetu ulikuwa chini ya hali ya hatari. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa na mingine kupigwa risasi. Sheria ile iliwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika mkoa wetu na wilaya za jirani, kuanzia tarehe 25 Disemba 1963 mpaka tarehe 1 Disemba 1967. Maana yake kwa lugha rahisi: ngamia wako walichukuliwa, na mlango wa kuwadai umefungwa. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Na mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigishwa foleni na kupewa kadi maalum juu ya kitambulisho chao, ili wathibitishe kwamba ni Wakenya. Wazazi wetu wanazikumbuka kadi zile. Hicho nacho kilikuwa kipande.

Wewe tazama: mwaka 1921 mahakama ya mkoloni ilimwambia Mkikuyu ardhi si yako. Mwaka 1970 Bunge la nchi huru lilimwambia mtu wa kaskazini hata kama mali ilikuwa yako, usije kuidai. Maneno ni tofauti, lakini kitendo ni kimoja. Haki ya mali haisimami peke yake. Ikiwa mwenye mali hana ruhusa ya kupaza sauti, basi mali yake imeshachukuliwa, bado tu kuja kubebwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, dhulma iliyomfika jirani ichukulie kuwa yako. Thuku aliletwa kwetu, na mababu zetu hawakuelezwa ni nani. Laiti Wakikuyu wangejua ya kaskazini, na sisi tungejua ya Kiambu, huenda sheria ya 1970 isingepita kimyakimya namna ile.

Pili, kudai haki ni tofauti na kuharibu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kifungu cha 40 kinalinda mali. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Wapo waliopigwa risasi wakafa, pale Nairobi karibu na Bunge, mwendo mfupi tu kutoka alipoanguka Nyanjiru. Na wapo walioingia kuchoma na kupora. Aliyekwenda na bendera na chupa ya maji yake ya kunywa, na aliyekwenda kuvunja duka la mtu, hao si kitu kimoja. Ukivunja duka la maskini mwenzako umekuwa Al-As bin Wail, hata kama umebeba bango la haki. Lakini pia tusidanganyane: kuwa na amani hakukuhakikishii kwamba hutaumizwa. Waliokuja 1922 bila bunduki waliuawa. Faida ya amani yao ni kwamba hadi leo, miaka mia na zaidi, hakuna anayeuliza nani alikuwa dhalimu siku ile.

Tatu, serikali inayompiga risasi anayedai haijajibu dai. Imeliahirisha tu, na mara nyingi linarudi likiwa kubwa zaidi. Askari kijana anayesoma haya, na wengine wako katika jamaa zetu, akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) katika hija yake ya kuaga aliitaja damu ya mtu na mali ya mtu pamoja, zote mbili akaziharamisha kuvunjwa.

Nne, tudai kwa maandishi kama tunavyodai kwa mdomo. Thuku alikuwa na herufi na telegramu. Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, inayoruhusu jamii kusajili ardhi yake. Je, wewe umewahi kuwauliza wazee wako kama malisho na visima vyenu vimesajiliwa? Kijana uliyesoma, kazi hiyo ni yako. Usingoje siku utakapoambiwa wewe ni mpangaji.

Ndugu msomaji, nilipomaliza kumsomea babu habari hizi, tukiwa tumekaa nje baada ya tarawehe, alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu: yule mwanamke, alikuwa na watoto? Nikamwambia sijui. Akainua mikono akaomba dua, kwa ajili ya kila aliyeuawa akidai chake, wa kwao na wa kwetu.

Nami naomba vivyo hivyo. Ewe Mola wetu, utujaalie tuwe katika wanaorudisha haki kwa wenyewe, na usitujaalie kuwa katika wanaoziba midomo ya waliodhulumiwa. Amin.